Siku Verlie Aliponyamaza Redioni

Tangu sura ya mjukuu wangu ianze kutokea kwenye majalada ya santuri, watu wananiuliza Verlie alijifunzia wapi kuimba. Wanategemea niseme shuleni, au kwa mwalimu fulani wa mjini. Mimi nawaambia alijifunzia kwa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa Pansy, mwekundu, pembe moja, mkaidi kupita nyumbu. Usipomwimbia anabana maziwa. Nilikuwa nikimwimbia mimi kila asubuhi, mpaka siku moja nikaamka koo limenivimba, sauti haitoki. Verlie alikuwa na miaka minne hivi. Akaenda mbele, akamshika Pansy sikio, akaanza kumwimbia karibu karibu kama anayemwambia siri. Maziwa yakashuka mpaka povu likamwagika ndooni. Kuanzia siku ile ng'ombe akanikataa mimi.

Verlie ni mtoto wa binti yangu Orlena. Mgodi wa makaa ulipopunguza watu, Orlena na mumewe Hobart walikwenda Dayton, kule Ohio, kama nusu ya watu wa bonde letu, Hobart akapata kazi kwenye kiwanda cha friji. Mtoto wakaniachia mimi kwa majira ya baridi tu, mpaka wapate nyumba. Majira hayo ya baridi yalichukua miaka kumi na minne. Silalamiki. Nyumba waliipata, lakini kila wakija kumchukua, Verlie alikuwa juu ya banda la kuku na hashuki.

Sasa lazima niseme kuhusu kanisa letu, maana bila hilo habari hii haiendi. Kanisani kwetu Bonde la Slemp hakuna piano, hakuna gitaa, hakuna kitabu chenye noti. Mzee mmoja anasimama, anaweka kiganja sikioni, anautoa mstari haraka haraka kama anaita kuku. Halafu anangoja. Na sisi wote tunaupokea mstari ule na kuuvuta taratibu, tunaupandisha mlima na kuushusha, mpaka tuumalize, ndipo atoe mwingine. Ni hivyo tangu enzi za babu zetu, vitabu vilipokuwa vichache na wasomaji wachache zaidi. Na siyo kanisani tu. Mimi na jirani yangu Zetta Fugate, anayekaa ng'ambo ya kijito, tumeshamaliza nyimbo nzima bila kuonana, mimi niko kwenye kamba ya nguo, yeye yuko kwenye kabichi zake. Mmoja anatoa, anangoja, mwenzake anaitikia. Mtu wa Slemp akisikia mstari umetolewa hawezi kuuacha ukining'inia.

Verlie akiwa na miaka saba, Ndugu Estill Caudill, ambaye ndiye mtoa mistari wetu, alipaliwa katikati ya wimbo. Mstari wa tatu ukamkwama, akakohoa mpaka akawa mwekundu. Kanisa kimya. Mara nikasikia sauti pembeni yangu, nyembamba, safi, inatoa mstari. Kwetu wanawake hawatoi mistari, sembuse mtoto asiye na meno ya mbele! Nilimfinya paja lakini nilikuwa nimechelewa, kanisa zima lilishaanza kuitikia.

Baada ya ibada Ndugu Estill akanifuata mlangoni. "Arminta," akasema, "huyu mtoto wako amenipokonya kazi."

"Nitamchapa, Ndugu Estill."

"Usimchape. Mlishe. Hiyo sauti haina nyama bado."

Nikamlisha. Maharage, mkate wa mahindi, mtindi, tufaha za kukaanga. Akakua, na sauti ikakua pamoja naye. Alipofika miaka kumi na miwili alichimba mizizi ya dawa mlimani vuli nzima, akaiuza, akaagiza gitaa kwa posta. Mwanangu Dallard, anayeendesha lori la makaa, akamfundisha mikao mitatu ya vidole. Mitatu ndiyo yote aliyokuwa anaijua, na mmoja ulikuwa wa makosa. Jumapili gitaa lilibaki nyumbani kwenye msumari, maana Ndugu Estill alishasema lisivuke kizingiti cha kanisa. Verlie alikuwa analifunika kwa gunia la unga kabla hatujaondoka.

"La nini hilo gunia?" nikamuuliza.

"Lisione tunavyoenda bila lenyewe, Bibi."

Basi akawa anaimba kila palipokuwa na watu. Kwenye kumenya mahindi, kwenye chakula cha jioni cha shule, kwenye maonyesho ya kilimo kule Harlow, ambako walimweka katikati ya mashindano ya nyumbu na mashindano ya boga kubwa. Alikuwa na miaka kumi na minane. Hapo ndipo Bwana Wendell Tackett wa redio ya Harlow alipomsikia. Akaja akiwa ameshika kofia.

"Binti, nani amekufundisha?"

"Ng'ombe," Verlie akasema.

Bwana Tackett alicheka mpaka akakaa kwenye boga la watu. Akamwambia kuna robo saa kila Jumamosi saa nne asubuhi, inayolipiwa na Bwana Pruitt, muuza mbegu na chakula cha kuku. Vijana waliokuwa wakiipigia muziki wamehamia Detroit. Aje Jumamosi ijayo ajaribu, hewani moja kwa moja. Bwana Pruitt akiridhika, nafasi ni yake, tena ya mshahara.

Tulirudi nyumbani tukiruka. Kumbe mezani kulikuwa na barua ya Hobart. Amempatia Verlie kazi kiwandani kwao, ya kubandika mipira kwenye milango ya friji, meza moja na mama yake. Atakuja kumchukua na gari, Jumamosi ya wiki ya pili. Verlie akamjibu siku ile ile, akamweleza habari za redio. Hobart akarudisha mistari miwili tu: *Nikikuta una kazi ya mshahara, baki. Nikikuta una gitaa tu, liweke kwenye gari.*

Verlie aliisoma kwa sauti, akaiweka kwenye kopo la sukari. Mimi nilikwenda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Jumamosi ya majaribio tulipanda lori la Dallard, sisi watatu na keki. Keki ya kwetu ina matabaka, juu ya kila tabaka unapaka tufaha zilizokaushwa na kupikwa, na haipikwi na mtu mmoja. Kila nyumba inaleta tabaka lake. Ile ilikuwa na matabaka tisa, na la Zetta lilikuwa limeungua ukingoni, kama kawaida. Dallard aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameishikilia keki.

"Mjomba, shika usukani," Verlie akamwambia.

"Usukani hauanguki. Keki inaanguka."

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la samani. Kulikuwa na chumba kidogo chenye kioo, Verlie akaingizwa humo na gitaa lake, sisi tukakalishwa nje ya kioo. Ukutani kibao kimeandikwa KIMYA. Bwana Tackett akaniinamia. "Mama, tafadhali, hata kikohozi." Nikatikisa kichwa kukubali. Bwana Pruitt alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, viatu vinang'aa, kijiti mdomoni.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa garimoshi. Verlie aliogopa, akauimba mbio kiasi kwamba garimoshi lilifika kabla halijaondoka. Wa pili, alipogusa nyuzi tu, mmoja ukakatika, paa! Akajaribu kuendelea na tano. Mwingine nao ukalegea, gitaa likatoa mlio kama paka kwenye ndoo. Bwana Tackett akawa anamzungushia mkono, endelea, endelea, dakika zinakwenda.

Verlie akaliweka gitaa chini. Akafumba macho. Akapandisha kiganja sikioni.

Mkono ule niliujua. Moyoni nikasema, hapana kipenzi, si hapa.

Akautoa mstari, haraka, wazi, kama Ndugu Estill mwenyewe:

*Ng'ambo ya mto kuna taa mlangoni kwa mama!*

Halafu akangoja.

Kimya. Redio nzima kimya. Huko kwenye mashine kishale cha kupimia sauti kikalala chini kama mgonjwa. Bwana Tackett akawa anapunga mikono kana kwamba anafukuza nyuki. Verlie haoni, macho kayafumba, anatikisa kichwa taratibu, na mimi nilijua anachofanya. Anatusikia kichwani mwake. Anatungoja tupande ule mlima na tushuke. Mdomo wangu ulishafunguka. Nikaujaza leso. Dallard naye alikuwa ameuma ukingo wa kofia yake. Niliona neno KIMYA pale ukutani, na kwa jinsi nilivyolelewa, ukiwa kwa watu unafanya wanavyosema.

Alipoona tumemaliza huko kichwani, akatoa wa pili:

*Ameiwasha yeye, na mafuta hayajaisha!*

Akangoja tena. Wimbo una mistari minne. Aliitoa yote minne, na yote minne aliingoja, mpaka robo saa ikaisha.

Bwana Pruitt alisimama. "Wendell," akasema, "mimi nalipia sauti. Huyu binti ameniuzia hewa. Kuku wangu wanapiga kelele kuliko hivi." Akakata kipande cha keki, akavaa kofia, akashuka ngazi.

Bwana Tackett alikuwa amelowa jasho. "Nasikitika, binti. Ungeendelea tu kuimba. Kwa nini ulinyamaza?"

Verlie akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nilikuwa nawangoja waitikie."

"Akina nani?"

"Watu."

Njiani kurudi tulipita daraja, tukapita kinu, ndipo Verlie akasema, bila kunitazama, "Bibi, hamkuitikia."

"Paliandikwa kimya, mwanangu."

"Tangu lini wewe unasoma vibao?"

Dallard alicheka puani. Mimi niliangalia dirishani. Ni kweli, darasa langu ni la tatu, vibao vingi maishani nimevipita bila kuvijali. Cha siku ile ndicho nilichokitii, na kilikuwa kinanigharimu mjukuu. Nilishaanza kuhesabu soksi zake za kufunga sandukuni.

Tukafika mdomo wa bonde, pale njia na kijito vinapokuwa kitu kimoja na lori linapita majini. Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja mwenye watoto sita. Wote saba walikuwa barazani, na mama anapunga kitambaa cha vyombo.

"Verlie! Ule mstari wa tatu umetukimbiza! Sisi hatujamaliza wa pili!"

Dallard akakanyaga breki. "Mmesemaje?"

"Nasema asitukimbize! Huyu mdogo bado ana pumzi fupi."

Tukatazamana. Nyumba ya pili, mzee wa watu yuko uwanjani na viatu vya mgodini, anaimba mstari wa nne bado, peke yake, hana habari kwamba umekwisha. Nyumba ya tatu wakatuambia waliacha mlango wazi, wakasikia nyumba ya nne inaitikia, na ya nne ikasikia ya tano, bonde lote mpaka juu. Zetta alikuwa amesimama katikati ya kijito, sketi ameikunja magotini.

"Arminta! Nimekungoja weeee! Nimeitikia mpaka nimekauka, upande wako kimya. Nikasema, Arminta kafa?"

"Nilikuwa mjini, Zetta, wewe si ndiye uliyetoa tabaka la keki?"

"Aa, kweli. Waliipenda?"

"Bwana Pruitt alikata penye lako."

"Basi ana akili yule."

Verlie alikuwa ameshuka lorini, miguu majini, viatu vya kanisani vimelowa, anacheka na kulia kwa pamoja. Na Ndugu Estill alikuwa kwenye uzio wa Zetta. Yeye hana redio, anasema ni sanduku la upuuzi. Ati alikuja kuazima nyundo, ikatokea tu redio ya Zetta imewashwa.

"Wa nne umeutoa juu mno," akamwambia Verlie.

"Ndiyo, Ndugu Estill."

"Kanisani mwanamke hatoi mstari."

"Ndiyo, Ndugu Estill."

"Lakini lile sanduku siyo kanisa." Akaenda zake. Nyundo akaisahau.

Furaha hiyo ilikuwa tamu, lakini haikuwa mshahara. Jumapili ikapita, Jumatatu, Jumanne. Verlie alianza kufunga sanduku, na mimi nikamsaidia kwa mwendo wa konokono, kila soksi naishona hata ambayo haijatoboka.

Jumatano mchana tukasikia honi kijitoni. Gari jeusi, limezama mpaka kwenye mlango, na ndani yake Bwana Pruitt, ameinua viatu vyake vinavyong'aa mikononi kama watoto mapacha. Verlie akaleta nyumbu, tukamvuta. Nikamkalisha karibu na jiko, nikampa bakuli la maharage. Alikula lote kabla hajasema.

"Mama," akaniambia, "tangu Jumamosi mchana sina amani dukani. Watu wanaingia, hawaulizi mbegu, wananiuliza yule binti anayengoja atarudi lini. Mmoja aliitikia akiwa chini ya lori lake, akapigwa na mafuta mdomoni."

"Pole yake."

"Hilo ningelivumilia." Akapangusa bakuli kwa mkate. "Mke wangu ametoka Bonde la Cane, huko nyuma ya mlima. Siku ile nilifika nyumbani nikamkuta jikoni, unga mpaka viwikoni, analia anacheka. Ananiambia, tangu unioe unilete mjini, miaka ishirini, sijapata mtu wa kumwitikia. Kisha akaniuliza ni mjinga gani aliyemwachia yule mtoto aondoke."

"Ukamwambiaje?" Verlie akauliza.

"Nilimwambia namjua." Akageuka. "Utaimba na gitaa, lakini nunua nyuzi mpya. Na wimbo wa mwisho utaweka gitaa chini, ungoje. Usinijazie ule ukimya hata kidogo. Ule ukimya ni wangu, nimeulipia."

"Mshahara?" nikauliza mimi.

Akautaja. Nikamwongezea maharage.

Jumamosi ya Hobart ilipofika, Verlie aliondoka na Dallard alfajiri. Mimi nilibaki, mtu akitoka mbali lazima akute chakula. Saa nne kasoro kidogo Hobart akaingia, macho mekundu, ameendesha gari tangu jana. Mkwe wangu ni mtu mwema ila hana maneno mengi.

"Shikamoo, Mama. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kaa ule."

Nikawasha redio. Ikatoa wimbo wa garimoshi, safari hii kwa mwendo wa garimoshi. Hobart anakula, anatazama sahani. Kisha Verlie akasema, sauti yake imejaa jiko zima, "Wa mwisho huu ni wa baba yangu, kama ameshafika. Kama hajafika, basi amezama kijitoni."

Akautoa mstari. Akangoja.

Mimi niliitikia pale pale jikoni, mwiko mkononi. Zetta nikamsikia ng'ambo. Hobart alikuwa na kijiko njiani kwenda mdomoni. Huko Dayton, Orlena aliniandikia, ukiimba jirani anagonga ukuta. Kijiko kikarudi sahanini. Kwenye mstari wa pili akafungua mdomo, ikatoka sauti yenye kutu kama bawaba ya lango. Wa tatu alikuwa amesimama. Wa nne alikuwa amekwenda mlangoni na kuufungua wazi, ili asikie bonde.

Wimbo ulipokwisha akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mshahara wake ni mdogo kuliko wa kiwandani, Mama."

"Najua."

"Mama yake nitamwambia nini? Kiti cha gari nimekiacha wazi njia nzima."

"Kitajaa," nikasema.

Alimngoja Verlie arudi, wakakaa barazani mpaka mchana ukaisha, wanaongea kwa zamu na gitaa. Kesho yake baada ya ibada nikamkabidhi keki ya Orlena, matabaka kumi na moja, safari hii kila nyumba ilitaka kutia lake. Tuliiweka kwenye kiti cha Verlie. Hobart akawasha gari, mkono mmoja usukani, mmoja keki, akashuka taratibu mpaka majini.

Pale katikati ya kijito akasimamisha. Akashusha kioo, akatoa mstari kwa nguvu zake zote, akangoja.

Nikavuta pumzi niitikie. Zetta akaniwahi.